Kura Itangulie Risasi

Jumamosi ya tarehe 1 Machi 2003, mjini Ankara, wabunge wa chama tawala cha Uturuki walitoka kwenye kuhesabu kura wakidhani wameshinda. Hoja iliyokuwa mezani iliomba ruhusa askari 62,000 wa Marekani waingie nchini mwao ili waishambulie Iraki kutoka kaskazini. Waliosema ndiyo walikuwa 264. Waliosema hapana walikuwa 250. Wengine 19 hawakuegemea upande wowote. Kwa hesabu ya kawaida mambo yalikuwa yamekwisha. Lakini katiba ya Uturuki inataka zaidi ya nusu ya wabunge wote waliohudhuria, na siku ile ukumbini walikuwamo 533, maana yake zilihitajika kura 267. Upinzani ukaikumbusha meza. Hoja ikaanguka kwa kura tatu.

Serikali ile haikuwa dhaifu. Chama cha AKP kilikuwa kimeingia madarakani miezi minne tu kabla ya hapo, kikiwa na viti zaidi ya 360 katika bunge la watu 550. Waziri Mkuu Abdullah Gül aliileta hoja mwenyewe, na mwenyekiti wa chama, Recep Tayyip Erdoğan, aliiunga mkono. Washington ilikuwa imeahidi msaada na mikopo ya mabilioni ya dola kwa nchi ambayo uchumi wake ulikuwa umeporomoka mwaka 2001. Meli zilizobeba vifaa vya Divisheni ya 4 ya jeshi la Marekani zilikuwa zimekwisha fika katika bahari ya Mediterania, zikisubiri kuambiwa zishushe mizigo. Upande wa pili wa mizani kulikuwa na kitu kimoja tu: Waturuki hawakutaka. Uchunguzi wa maoni ulionyesha kwamba tisa katika kila kumi walikataa, na siku ya kura makumi ya maelfu walijaa mitaa ya Ankara kulisema hilo kwa sauti. Karibu wabunge 100 wa chama tawala waliwasikiliza wao na kuwapa kisogo viongozi wao.

Meli zikageuza, zikapita Suez, zikaenda Kuwait. Vita vilianza hata hivyo, tarehe 20 Machi, kwa kupitia hasa kusini. Nisiwafanye wabunge wale malaika: siku hiyohiyo ya 20 Machi walizifungulia ndege za Marekani anga yao, na Oktoba mwaka huohuo walipitisha azimio la kupeleka askari wa Uturuki Iraki, ambao hawakwenda kwa sababu Wairaki wenyewe waliwakataa. Lakini swali kubwa la Machi liliulizwa kabla, likajibiwa kabla, na jibu likaheshimiwa.

Miezi miwili baadaye Paul Wolfowitz, naibu waziri wa ulinzi wa Marekani, alihojiwa na televisheni moja ya Uturuki. Alilalamika kwamba majenerali wa Uturuki hawakuonyesha uongozi imara ambao Marekani iliutarajia. Msomaji alisome jambo hilo polepole. Nchi iliyosema inakwenda Baghdad kupeleka demokrasia ilikuwa ikisikitika kwamba wanajeshi wa nchi jirani hawakulisukuma bunge lililochaguliwa.

Tangu hapo, kila vita vinaponukia mahali, mjadala wa nani mwenye haki ya kuamua huanza upya, na mara nyingi huanzia pasipofaa. Watu huuliza nani ana busara zaidi, raia au serikali. Swali hilo halina jibu, kwa sababu wote wawili wamekwisha kukosea vya kutosha. Mimi naona swali la maana ni la wakati: raia aulizwe lini?

Tuanze na hoja ya serikali, maana ina uzito wake. Raia hana taarifa za siri. Raia hajui jirani ana vifaru vingapi. Umma hubadilika kama upepo wa kusi na kaskazi. Leo unadai damu, kesho unalilia amani. Adui naye hangoji watu wapige foleni vituoni. Ndiyo maana tunachagua viongozi, na wakikosea tutawaondoa kwenye uchaguzi unaofuata.

Wamarekani waliwahi kujaribu kwenda kinyume kabisa na hoja hiyo. Louis Ludlow, mbunge wa Indiana aliyekuwa mwandishi wa habari kabla ya kuingia siasa, alipendekeza katika miaka ya 1930 kwamba katiba ibadilishwe: isipokuwa nchi imevamiwa, tangazo la vita la Congress lisifanye kazi mpaka wananchi wote walipigie kura na walio wengi wakubali. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa bado inauma, na uchunguzi wa maoni wa wakati huo ulionyesha kwamba Wamarekani wengi sana walilipenda wazo hilo. Desemba 1937 ndege za Japani zikaizamisha manowari ndogo ya Marekani, Panay, katika mto Yangtze nchini China. Rais Roosevelt alimwandikia Spika akipinga pendekezo la Ludlow, akisema lingemfunga mikono rais yeyote katika mambo ya nje. Tarehe 10 Januari 1938 Baraza la Wawakilishi lilipiga kura kama litoe hoja hiyo kamatini ijadiliwe. Wapinzani walikuwa 209, waungaji mkono 188. Laiti watu 11 wangehama upande, ingejadiliwa.

Ningekuwa mbunge siku ile, ningepiga kura na wale 209. Miaka mitatu baadaye Hitler alikuwa ameimeza nusu ya Ulaya na Wamarekani walio wengi bado hawakutaka kuingia vitani. Mpaka mabomu ya Japani yalipoanguka Pearl Harbor, Desemba 1941, ndipo mjadala ukaisha. Mtu anayeamini kwamba maoni ya umma daima ni maoni ya amani, na kwamba amani daima ni uamuzi sahihi, aisome miaka ile.

Naye anayeamini kwamba umma huona mbali kuliko wakubwa, aitazame Marekani ya 2003. Huko hapakuwa na mgongano wowote kati ya wananchi na waliochaguliwa. Oktoba 2002 Congress ilimpa Rais Bush ruhusa ya kutumia jeshi kwa kura 296 dhidi ya 133 katika Baraza la Wawakilishi na 77 dhidi ya 23 katika Seneti, na vita vilipoanza Wamarekani wapatao saba katika kila kumi waliviunga mkono. Agosti 2003, gazeti la Washington Post liliuliza watu kama wanadhani Saddam Hussein alihusika na mashambulizi ya Septemba 11. Karibu saba katika kila kumi walisema inaelekea alihusika. Hakuhusika. Imani hiyo haikuota yenyewe vichwani mwa wafanyakazi wa viwanda vya Ohio. Ilitokana na mwaka mzima wa hotuba ambamo majina ya Saddam na al-Qaeda yaliwekwa katika sentensi moja, mara kwa mara, na watu waliodai kuwa na taarifa za siri.

Hapo ndipo hoja ya siri inapomgeukia mwenyewe. Serikali inasema niachieni mimi kwa sababu nina taarifa msizo nazo, halafu inachukua kipande cha taarifa hizo na kukitumia kuwatia watu hofu. Ripoti ya serikali ya Uingereza ya Septemba 2002 ilidai kwamba baadhi ya silaha za sumu za Iraki zingeweza kuwa tayari kutumika ndani ya dakika 45. Magazeti yakapata vichwa vya habari. Baada ya vita silaha hizo zilitafutwa Iraki nzima, hazikuonekana.

Uingereza ndiyo inayonishughulisha zaidi, kwa sababu kila kitu kilifanyika kwa utaratibu mzuri wa kidemokrasia na bado wananchi hawakuulizwa kitu cha maana. Tarehe 15 Februari 2003 London ilishuhudia maandamano makubwa kuliko yote katika historia yake. Polisi walikadiria watu 750,000, waandaaji wakasema wanafikia milioni 2. Uchunguzi wa maoni ulionyesha kwamba wengi walipinga vita visivyo na azimio jipya la Umoja wa Mataifa. Azimio halikupatikana. Kisheria Waziri Mkuu Tony Blair hakuhitaji bunge hata kidogo, maana kule uwezo wa kuanzisha vita ni mabaki ya mamlaka ya mfalme ambayo waziri mkuu huyatumia kwa niaba yake. Alikubali kura ipigwe, na anastahili sifa kwa hilo.

Lakini kura ile ilipigwa tarehe 18 Machi usiku, siku mbili kabla ya vita. Askari wa Uingereza zaidi ya 40,000 walikuwa wamekwisha pelekwa Ghuba, wengi wao jangwani Kuwait, bunduki mkononi. Wahenga walisema ukiyavulia nguo maji sharti uyaoge. Mbunge aliyesimama siku ile hakuulizwa kama vita ni haki. Aliulizwa kama yuko tayari kuwarudisha nyumbani vijana waliokwisha jipanga, kuivunja serikali ya chama chake na kumwacha mshirika mkuu wa nchi peke yake, yote kwa usiku mmoja. Hata hivyo wabunge 139 wa chama cha Blair waliasi na kuunga mkono marekebisho yaliyosema kwamba sababu za vita hazijathibitishwa. Marekebisho yalishindwa kwa kura 396 dhidi ya 217, na hoja ya serikali ikapita kwa 412 dhidi ya 149.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, Robin Cook alikuwa amejiuzulu uwaziri. Alikuwa Kiongozi wa shughuli za Bunge, na kabla ya hapo waziri wa mambo ya nje, mtu aliyezijua taarifa za siri zinavyosomeka. Aliwaambia wabunge kwamba Iraki huenda haina silaha za maangamizi kwa maana ya kawaida ya neno hilo. Alipomaliza, baadhi yao walimpigia makofi, kitu ambacho katika bunge lile ni mwiko. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba ukweli haukuweza kujulikana. Ulisemwa hadharani, na mtu mwenye kujua, siku moja kabla ya kura.

Miaka 13 baadaye, Julai 2016, tume ya Sir John Chilcot ilitoa ripoti yake. Ndani yake mlikuwa na barua ambayo Blair alimwandikia Bush tarehe 28 Julai 2002, ikianza kwa kumwahidi kwamba atakuwa naye, liwalo na liwe. Julai 2002! Miezi karibu minane kabla ya wabunge kuulizwa, na zaidi ya nusu mwaka kabla ya watu kuandamana katika baridi ya Februari. Waandamanaji walikuwa wakijadiliana na mtu aliyekwisha toa ahadi.

Sasa tazama kilichotokea baada ya risasi ya kwanza. Waingereza waliokuwa wakipinga walianza kugeuka. Kampuni ya uchunguzi wa maoni ya YouGov iliuliza mara 21 kati ya Machi na Desemba 2003, na kwa wastani asilimia 54 walisema vita vile vilikuwa sahihi. Si kwamba walipata ushahidi mpya; ushahidi wote mpya ulikuwa unakwenda upande wa pili. Walikuwa na kaka na watoto wa jirani kule Basra, na mtu hapendi kufikiri kwamba mtoto wa jirani anafia upuuzi. Mwaka 2015 YouGov iliwauliza tena Waingereza wakumbuke walivyofikiri wakati ule. Asilimia 37 tu walikumbuka kuwa waliunga mkono. Wengine walikuwa wamejisahaulisha.

Kila serikali inajua tabia hii ya binadamu. Inajua kwamba kizuizi ni cha wiki chache tu kabla ya vita, na kwamba ikikivuka, umma utaifuata kwa miezi kadhaa kwa sababu ya upendo kwa askari wake. Kwa hiyo maoni ya umma yenye thamani ni yale ya kabla. Yale ya baadaye ni ya watu waliokwisha wekwa njiani.

Na ile ahadi ya kuwaadhibu kwenye uchaguzi? Bush alichaguliwa tena 2004. Blair alichaguliwa tena 2005 kwa asilimia 35 tu ya kura, akabaki na wingi wa viti 66. Hispania ndiyo mfano unaotajwa sana upande wa pili. Waziri Mkuu Aznar alimpuuza kila mtu, maana Wahispania waliopinga walikaribia asilimia 90, akaenda kupiga picha na Bush na Blair katika visiwa vya Azores tarehe 16 Machi 2003, na mwaka uliofuata chama chake kikaanguka. Ndiyo, lakini kilianguka siku tatu baada ya mabomu ya treni za Madrid kuua watu zaidi ya 190, na baada ya serikali kung'ang'ania kwamba waliotega ni Wabaski wa ETA huku dalili zikionyesha vingine. Adhabu inayongoja msiba wa namna hiyo ndipo ifike haiwezi kuitwa utaratibu.

Bunge la Uingereza lenyewe lilijifunza kidogo. Agosti 2013 Waziri Mkuu David Cameron alitaka kuishambulia Syria, akaleta hoja kabla, akashindwa kwa kura 285 dhidi ya 272, akasema ameelewa na akaacha. Wapo wanaosema kushindwa kule kuliwaponza Wasyria, na siwezi kuwapuuza. Aprili 2018 mrithi wake, Theresa May, aliipiga Syria mabomu bila kuuliza bunge. Desturi isiyoandikwa huvunjwa na mtu mmoja asubuhi moja.

Sasa tuje kwetu.

Mtanzania akisikia habari za vita na maoni ya umma, huikumbuka Novemba 1978. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamevuka mpaka mwishoni mwa Oktoba, yakaikalia ardhi ya kaskazini ya mto Kagera, yakalivunja daraja la Kyaka, na Amin akatangaza kwamba eneo hilo ni lake. Tarehe 2 Novemba, katika ukumbi wa Diamond Jubilee, Mwalimu Nyerere alisema sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Hakuna aliyehitaji kuchunguza maoni. Vijiji vilitoa ng'ombe na chakula, mabasi na malori yalichukuliwa kubeba askari, wanamgambo walijitokeza kwa maelfu. Nchi iliyovamiwa haina muda wa kujiuliza, na hata Ludlow na pendekezo lake lote aliliacha jambo hilo nje.

Lakini vita vile vilikuwa na uamuzi wa pili ambao hatuuzungumzii sana. Kufikia mwisho wa mwaka Kagera ilikuwa imekombolewa. Januari 1979 jeshi letu lilivuka Mutukula. Februari likaichukua Masaka. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Kuvuka mpaka kuifuata serikali ya jirani mpaka mji mkuu wake ni jambo jingine kabisa na kumfukuza mvamizi, na mkutano wa viongozi wa Afrika uliofanyika Monrovia Julai mwaka huo ulilijadili kwa ukali. Mimi naamini Mwalimu alifanya sahihi, na Waganda wengi wa rika lile watakuambia hivyo hivyo. Hata hivyo uamuzi ule ulikuwa wake na makamanda wake. Gharama ndiyo iliyokuwa yetu: tuliombwa kufunga mikanda kwa miezi 18, na waliopanga foleni za sukari na sabuni miaka ya 1980 wanajua miezi hiyo ilivyorefuka. Bunge la chama kimoja lingepitisha tu, mtu atasema. Huenda. Lakini walau ingeandikwa mahali nini kilikusudiwa, hadi wapi, na kwa fedha gani.

Kenya ilipata mtihani wake Oktoba 2011. Baada ya watalii na wafanyakazi wa misaada kutekwa Lamu na Dadaab, mawaziri George Saitoti na Yusuf Haji waliita waandishi wa habari Jumamosi ya tarehe 15. Kesho yake askari walikuwa wanavuka kuingia Somalia. Katiba mpya ya Kenya ilikuwa na mwaka mmoja na ushee tu, na ibara yake ya 132 inasema Rais hutangaza vita kwa idhini ya Bunge. Lakini hapakuwa na tangazo la vita. Palikuwa na operesheni, iliyoitwa Linda Nchi, na serikali ikaeleza kwamba inatumia haki ya kujilinda. Wakenya wengi waliipigia makofi. Hakuna kura iliyotangulia. Yakafuata kutekwa kwa Kismayu, mashambulizi ya Westgate na ya Chuo Kikuu cha Garissa, na lile la kambi ya El Adde, Januari 2016, ambako serikali ilikataa kuwatajia wananchi idadi ya askari wao waliouawa. Sijasema Kenya haikuwa na sababu. Ninasema sababu hizo zingepewa heshima kwa kujadiliwa wakati zilipokuwa bado zinaweza kukataliwa.

Mwanya ni huohuo kila mahali: hakuna anayetangaza vita siku hizi. Marekani ilitangaza mara ya mwisho mwaka 1942. Korea, Vietnam na Iraki zote zilipiganwa bila tangazo. Katiba ya Uganda ina masharti makali, inataka theluthi mbili ya wabunge wote, na panapokuwa na dharura idhini iombwe ndani ya saa 72. Desemba 2013 askari wa Uganda walikwenda Juba, na bunge likaketi kulijadili jambo hilo Januari, askari wakiwa tayari huko wanapigana. Hakuna saa 72 zilizohesabiwa, kwa kuwa hakuna vita vilivyotangazwa.

Ya kwetu ni dhaifu zaidi. Ibara ya 44 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inamruhusu Rais kutangaza kuwapo kwa hali ya vita na nchi yoyote. Akishatangaza, nakala inakwenda kwa Spika, na Spika ana siku 14 za kuitisha Bunge lifikirie kupitisha au kutopitisha azimio la kumuunga mkono. Siku 14! Vita vya mwaka 1967 kati ya Israel na majirani zake vilianza na kwisha katika siku sita. Na ibara yenyewe iko kimya juu ya kinachotokea Bunge likikataa. Je, askari wageuze njiani?

Tena ibara hiyo haigusi namna ya vita ambavyo vijana wetu wamevipigana katika miaka ya karibuni. Mwaka 2013 Tanzania, Afrika Kusini na Malawi zilipeleka askari mashariki mwa Kongo katika brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyopewa, kwa azimio namba 2098, kazi ya kuvishambulia vikundi vyenye silaha na si kukaa tu kati ya wanaopigana. Hiyo ni vita kwa jina lolote utakalolipa. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki, eneo la Beni, ilivamiwa usiku na askari wetu wasiopungua 14 wakauawa. Nchi ilisimama kuwapokea. Ni siku ile ndipo Watanzania wengi waliposikia kwa mara ya kwanza kwamba tuna kambi mahali panapoitwa Semuliki.

Nalo jeshi lilipokwenda tena Kongo chini ya bendera ya SADC, mwishoni mwa 2023 na kuendelea, kelele za kudai maelezo zilisikika zaidi Pretoria kuliko Dodoma. Askari 14 wa Afrika Kusini walipouawa karibu na Goma Januari 2025, wabunge wao waliuliza mchana kweupe nani aliwapeleka watu na vifaa haba vile. Katiba yao inamlazimu Rais alieleze bunge bila kuchelewa anapolitumia jeshi, sababu, mahali, idadi ya askari na muda. Maswali yao yalikuwa na mahali pa kushikia.

Na watu wa Goma, wanaoongea Kiswahili hikihiki tunachoandikia? Wamepishana na majeshi ya nchi nyingi katika miaka 30, na hawajawahi kuulizwa na yeyote kati ya walioamua. Bunge la nchi nyingine haliwezi kuwapigia kura, ila linaweza kumlazimisha waziri aseme mbele ya kamera ni nini tunakwenda kuwafanyia na tutaondoka lini. Wangejua walau wa kumkumbusha.

Kwa hiyo sidai kura ya wananchi wote kabla ya kila vita. Ninachodai kinawezekana na ni kidogo: isipokuwa nchi imeshambuliwa, hakuna askari wa Tanzania atakayevuka mpaka kwenda kushambulia, kwa bendera yetu wala ya wengine, kabla Bunge halijapiga kura ambayo serikali inaweza kushindwa. Ruhusa iwe ya muda maalumu, ikiisha iombwe upya. Waliokufa watajwe Bungeni kwa idadi yao kamili. Taarifa za siri zibaki siri, kamati ya ulinzi izisome kwa faragha. Hata kikao cha Ankara kilifanyika milango ikiwa imefungwa na waandishi wakiwa nje.

Najua bunge ambalo karibu lote ni la chama kimoja litapitisha kila kinacholetwa. Lakini AKP nayo ilikuwa na zaidi ya viti 360, na bado walipatikana karibu watu 100 waliowasikia wapigakura wao, kwa sababu waliulizwa mapema na kwa sababu jibu lao lingebadilisha kitu. Mbunge asiyeulizwa hana hata nafasi ya kuwa jasiri.

Mchakato wa katiba mpya uliokwama tangu 2015 utarudi mezani siku moja, na watu watagombania muundo wa Muungano na tume ya uchaguzi, kama ilivyo haki yao. Ibara ya 44 isipitwe. Mbunge wako akija jimboni, muulize angepiga kura gani jeshi likitakiwa kwenda vitani nje ya nchi kesho. Akijibu kwamba angefuata dhamiri yake, mwambie kwamba kwa katiba ya sasa dhamiri hiyo itaulizwa baada ya siku 14, ikiwa itaulizwa kabisa.